VIJANA WASIMAME MLANGONI MPAKA LINI?

(Maneno ya Katibu wa Chama mbele ya wanaushirika)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni!

Mimi sina maneno mengi. Nataka kusema habari ya vijana wetu. Tunawaita wazururaji, eti wanashinda kijiweni. Jamani, hilo jembe watalilimia wapi? Shamba la baba limegawanywa mpaka kuku hana pa kuchakura. Mwisho kijana anapanda basi kwenda Dar es Salaam kutembeza maji na karanga kwenye foleni ya magari.

Ndugu zangu, kosa moja ni langu. Mkutano wa kijiji uliopita kijana mmoja aliomba yeye na wenzake wapewe eka chache kule bondeni walime mboga. Mzee mmoja akamjibu, "Wewe hujaoa, keti chini." Watu wakacheka. Na mimi Katibu, niliyejifunza kushika kalamu ukubwani katika kisomo, sikuyaandika maneno yake kwenye muhtasari. Kijana yule sasa hayupo kijijini. Kisomo kilinifungua macho mimi, halafu kalamu yangu ikamfunga mdomo mwenzangu.

Sasa tujue sheria. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, ameoa au hajaoa. Akifika 21 anaweza kugombea Halmashauri ya Kijiji. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri haigawi ardhi bila idhini ya mkutano huo. Kwa hiyo ukimnyamazisha kijana pale, umemnyang'anya na jembe.

Iko pia mikopo ya wilaya isiyo na riba. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani, na katika hizo 4 ni za vijana. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Inataka kikundi kilichosajiliwa. Lakini kikundi kisicho na shamba kikope kikalime angani?

Basi naomba tukubaliane hivi:

1. Mkutano ujao wa kijiji, habari ya bonde iwe ya kwanza.

2. Vijana waseme kwanza, wazee tufuate.

3. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla hatujatawanyika, kila mtu asikie neno lake.

Mimi nimeanza. Ombi la yule kijana nimeliandika jana usiku, nalo nitalibandika hapa ubaoni. Anayejua namba yake ya simu amwambie.