Faili Mbili Katika Kabati Moja
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Dodoma)



Nimeombwa niseme habari za urafiki wa mataifa katika siku za kupigania uhuru. Hapana budi tufike New York na Addis Ababa, lakini yafaa tuanzie karibu, huko Kongwa, mashariki ya mji wetu huu. Wengi huijua Kongwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kufyeka pori, wakajenga tawi la reli kutoka Msagali, na mwaka 1951 wakaiacha kazi ile baada ya kupoteza paundi milioni 36 hivi. Mvua ya Ugogo haikusoma hesabu zao. Majengo yalibaki, na mwaka 1964 wakaanza kufika huko wageni wengine: wapiganaji wa Msumbiji, wa Afrika ya Kusini, na wa nchi iliyoitwa wakati ule Afrika ya Kusini-Magharibi, ambayo sasa ni Namibia. Nitasema habari za hao wa Namibia, kwa kuwa wao na sisi tulianza safari katika mlango mmoja.

Makarani mtanielewa nikisema kwamba Tanganyika na Namibia zilikuwa faili mbili katika kabati moja. Zote mbili zilitawaliwa na Wadachi. Zote mbili walinyang'anywa katika vita vya 1914 hadi 1918. Zote mbili zikatiwa chini ya Shirika la Mataifa la Geneva. Lakini zilipigwa alama mbalimbali. Tanganyika ilitiwa daraja la B, ikakabidhiwa Uingereza. Namibia ilitiwa daraja la C, ikakabidhiwa Afrika ya Kusini, na daraja hilo lilimruhusu mtawala kuiendesha nchi kama kipande cha nchi yake mwenyewe. Herufi moja tu, mabwana! Nanyi mwajua afisini jinsi herufi moja iwezavyo kumkosesha mtu mshahara wake.

Baada ya vita vya pili faili ya Tanganyika ilihamishwa. Mwezi wa Desemba 1946 tukawekwa chini ya Udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Kifungu cha 87 cha Hati ya Umoja huo kiliruhusu wenyeji wapeleke malalamiko yao, na wajumbe waje kujionea nchi kwa macho. Wajumbe walikuja mwaka 1948, na tena 1951, na tena 1954. Nani aliwaandikia? Watu wa namna yetu. Ile African Association, iliyokutana hapa hapa Dodoma mwaka 1940 na 1945, ilikuwa na makarani na waalimu wengi miongoni mwa viongozi wake. Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, shauri lao lilifika New York mwaka uliofuata, likisemewa na Bw. Kirilo Japhet pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, ila dunia ilisikia. Mwaka 1953 Serikali ikawakataza watumishi wake wasiingie katika vyama vya siasa. Nadhani ilikwisha tambua kalamu zile zilishikwa na mikono ya nani. Hata Mwalimu Nyerere, aliyesema mbele ya Baraza la Udhamini tarehe 7 Machi 1955, aliporudi ilimpasa kuchagua, akaacha kazi ya kufundisha. Tarehe 9 Desemba 1961 tukapata uhuru bila ya kufyatua risasi.

Sasa tuifungue ile faili ya pili. Afrika ya Kusini ilikataa kuitoa. Chifu Hosea Kutako wa Waherero aliandika malalamiko, na padre Mwingereza, Michael Scott, akayasemea mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1949. Mwaka 1950 Mahakama ya The Hague ilitoa shauri kwamba amana ya Geneva bado ipo, wala Afrika ya Kusini haiwezi kuigeuza peke yake. Pretoria haikujali. Mwaka 1960 Bw. Sam Nujoma, mkuu wa chama cha SWAPO, alitoroka kwao, akapita Tanganyika akienda New York kutoa ushahidi. Mwaka ule ule Ethiopia na Liberia, zilizokuwa wanachama wa Shirika la zamani, zikafungua mashtaka The Hague. Wakangoja karibu miaka sita. Tarehe 18 Julai 1966 waamuzi wakagawanyika saba kwa saba, na kura ya Rais wa Mahakama ikaamua kwamba nchi hizo mbili hazina haki ya kudai. Shauri lenyewe halikuhukumiwa!

Wako wasemao kwamba siku hiyo ndipo Wanamibia walipotupa kalamu na kushika bunduki. Si kweli kabisa. Vijana waliopigana Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966 walikwisha ondoka Kongwa tangu 1965. Wala barua hazikukoma: mwezi wa Oktoba 1966 Umoja wa Mataifa wenyewe uliiondolea Afrika ya Kusini amana ile. Kwa maoni yangu walifanya vema kutoacha lolote katika hayo mawili.

Na Kongwa iliendeshwaje? Mwaka 1963, huko Addis Ababa, nchi huru za Afrika ziliunda Kamati ya Ukombozi yenye wanachama tisa, makao yake Dar es Salaam. Mafunzo yalipatikana Algeria, Misri, Urusi na China, na silaha nyingi zilitoka kwa Warusi na Wachina. Lakini zilipoingia katika nchi yetu zilikuwa chini ya macho ya jeshi letu. Chama kisichokubaliwa na Kamati kilipata shida kubwa. SWANU, kilichotangulia SWAPO kuzaliwa, kilisita juu ya vita, kikapoteza msaada ule. Mlango mmoja huleta utaratibu, nakubali, lakini mwenye ufunguo naye huwa bwana juu ya mgeni wake. Tena nchi nyingi zilizopiga makofi Addis Ababa zilichelewa kulipa ada zao.

Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990, miaka 28 na zaidi baada yetu.

Jambo moja limebaki, nalo halimo katika mapatano yo yote. Wapiganaji walikaa kati ya wananchi, na baadhi yao walipata wake na watoto katika nchi hii. Wengi walitumia majina ya vita, wakaficha yale waliyopewa na wazazi wao. Mama alipofika kumwandikisha mtoto, karani akamwuliza jina la baba, alijibu lile alilolijua, na pengine huko kwao baba hakuna aliyemjua kwa jina hilo. Kama yuko hapa mwanachama aliyepata kufanya kazi Kongwa au Mpwapwa, naye akumbuka alivyoandika katika daftari lile, namwomba asimame atueleze, kisha nitajibu maswali.