BARUTI MAJINI INASIKIKA MBALI
(Maneno ya katibu kwenye mkutano wa wavuvi)



Wapo wanaosema baruti ikilipuliwa mbali na kijiji nani atajua? Watajua, jamani. Mwaka 2015 watafiti walikokota vinasa sauti majini kando ya pwani ya Tanzania, wakanasa milipuko 318.

Hewani sauti hukimbia kama mita 340 kwa sekunde. Majini ni karibu 1,500. Na maji ya kina kifupi ni kama chumba: sauti hugonga juu, hugonga chini, hurudi, huendelea mbele hivyo hivyo. Mwaka 1948 mtaalamu C. L. Pekeris alipiga hesabu ya milipuko katika maji kama hayo. Akaonyesha kwamba kina kikipungua, sauti nzito haiendi mbali. Tena tope hunywa sauti kuliko mwamba.

Basi chombo kikitegwa penye tope, mingine kitaikosa. Hapo ndipo masikio yetu yanatakiwa. Atakayesikia mlipuko aje kwangu siku ile ile, aseme saa na mahali, hata kama mlipuaji ni mjomba wake.