Ngumi Haianzii Mkononi: Nafasi ya Mwalimu wa Viungo katika Masumbwi



Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba, 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali, aliyekuwa na umri wa miaka 32, alipanda ulingoni kukabiliana na George Foreman, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, kijana wa miaka 25. Foreman alikuwa ameshinda mapambano yake yote 40. Matatu ya mwisho, yote ya ubingwa, hakuna hata moja lililovuka raundi ya pili. Usiku ule Ali aliegemea kamba, akajikinga kichwa na mbavu, akamwacha kijana apige. Foreman alipiga mpaka mikono ikawa mizito kama magogo. Katika raundi ya nane Ali alimwangusha, na ubingwa ukamtoka.

Wengi wamelieleza pambano hilo kuwa ni ushindi wa ujanja. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayajakamilika. Ujanja ule ulihitaji mwili wa kuubeba. Mtu asiyeandaliwa vema hawezi kupokea makonde ya Foreman raundi saba nzima, kisha akabakiwa na nguvu ya kumwangusha katika ile ya nane. Na kwa upande wa pili, nguvu ya Foreman, kubwa kama ilivyokuwa, ilimwishia njiani. Hapo ndipo linapozuka swali la mazungumzo haya: ni nani hasa mwenye wajibu wa kuuandaa mwili wa bondia?

Katika kumbi nyingi za mazoezi jibu ni kwamba mwalimu wa ngumi hufanya yote. Yeye ndiye afundishaye kupiga na kukwepa, ndiye ahesabuye mizunguko ya kukimbia, ndiye apunguzaye uzito, na pengine ndiye ashonaye glavu zilizochanika. Moyo wa kujitolea wa namna hiyo unastahili heshima. Lakini kufundisha mbinu ni elimu moja, na kuujenga mwili ni elimu nyingine. Mwalimu hodari wa hesabu halazimiki kuwa hodari wa kemia.

Kwa miaka mingi walimu wa masumbwi waliamini kwamba kunyanyua vyuma humfanya bondia awe mzito na mkakamavu kama mti mkavu. Imani hiyo ilipata mtihani mkubwa mwaka 1985. Michael Spinks, bingwa wa uzani ambao kikomo chake ni ratili 175, yaani kilo 79 na ushei, aliamua kumkabili Larry Holmes, bingwa wa uzito wa juu ambaye hakuwa ameshindwa katika mapambano 48. Spinks alimchukua Mackie Shilstone, mtaalamu wa viungo na lishe. Shilstone alimpangia chakula, akamnyanyulisha vyuma, na mahali pa mbio ndefu za taratibu akaweka mbio fupi za kasi zenye vipindi vya kupumzika. Wengi walikejeli. Tarehe 21 Septemba, 1985, mjini Las Vegas, Spinks alipanda ulingoni akiwa na uzito wa karibu ratili 200, akapigana raundi zote 15, na waamuzi wote wakampa ushindi. Alikuwa bingwa wa kwanza wa uzani ule kuutwaa ubingwa wa uzito wa juu.

Sababu yake si miujiza. Ngumi haianzii mkononi. Huanzia katika unyayo unaousukuma ulingo, ikapanda kwenye paja na nyonga, ikazungushwa na kiuno, na mkono ukaifikisha tu. Uchunguzi wa wataalamu wa Kisovieti uliojulikana Marekani mwaka 1985 ulionyesha kwamba kwa mabondia waliokomaa miguu huchangia takriban asilimia 38 ya nguvu ya konde, kiwiliwili asilimia 37, na mkono asilimia 24 tu. Kwa wasiokomaa mambo yalikuwa tofauti: mchango wa miguu ulikuwa mdogo zaidi, na wa mkono ulikuwa mkubwa zaidi. Kwa hiyo kijana anayeshinda akipiga gunia huku miguu yake ni dhaifu anajenga paa kabla ya msingi.

Jambo la pili ni pumzi. Raundi ni dakika tatu, na mapumziko ni dakika moja. Bondia hutoa makonde mfululizo kwa sekunde chache, akarudi nyuma, akazunguka, akashambulia tena. Nguvu ya ghafla iliyohifadhiwa ndani ya misuli huisha kwa muda wa sekunde 10 hivi, na ni moyo na mapafu vinavyosaidia kuirudisha. Mtu aliyezoea kukimbia polepole tu ana pumzi ya safari, lakini hajauzoesha mwili wake kuchoka sana na kupona haraka. Ndiyo maana mazoezi ya kukimbia kwa kasi dakika tatu na kupumzika dakika moja, mara kadhaa, humfaa kuliko kuzunguka mji mzima kila alfajiri.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni uhai. Bondia aliyechoka huteremsha mikono. Shingo yake hulegea, na kichwa kikipigwa huyumba kwa nguvu zaidi, na ubongo ndio unaoumia. Tarehe 13 Novemba, 1982, huko Las Vegas, Kim Duk-koo wa Korea ya Kusini alianguka katika raundi ya 14 ya pambano lake na Ray Mancini, na siku chache baadaye akafariki. Kifo hicho ndicho kilicholifanya Baraza la Masumbwi la Dunia kupunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12. Haiwezekani kudai kwamba mazoezi bora yangemwokoa. Lakini ni wazi kwamba kumpeleka kijana ulingoni bila kumwandaa ni kumwongezea hatari ambayo mchezo wenyewe unayo tayari.

Hatari hiyo huongezeka pale kijana anapopunguzwa uzito kwa kunyimwa maji na kuvalishwa makoti mazito chini ya jua, siku mbili kabla ya mizani. Mwalimu wa viungo anayeijua kazi yake hulipinga jambo hilo. Uzito hupunguzwa kwa wiki nyingi kwa njia ya chakula na mazoezi, na bondia ambaye hawezi kuufikia kwa njia hiyo hana budi kupigana katika uzani wa juu yake.

Afrika Mashariki haijapata kukosa vipaji. Titus Simba wa Tanzania alitwaa medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh mwaka 1970. Robert Wangila wa Kenya alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988. Michael Yombayomba aliiletea Tanzania dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Mafanikio hayo hayapaswi kuachiwa bahati. Mpanda ovyo hula ovyo.

Pengine afisa mwenye bajeti finyu atauliza fedha zitatoka wapi. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji mashine. Kilima kipo, kamba ya kuruka ipo, gurudumu kuukuu na nyundo vipo, na mfuko wa mchanga hufanya kazi ya chuma. Kinachokosekana ni maarifa na mpango: wiki za mwanzo za kujenga msingi wa pumzi na nguvu, wiki zifuatazo za kuibadili nguvu kuwa wepesi, kisha wiki ya mwisho ya kupunguza mazoezi ili mwili upone. Kambi inayoitishwa siku 20 kabla ya mashindano haiwezi kuyatimiza hayo.

Na hapa ndipo walimu wa shule na maofisa wa michezo wanapohusika. Mwalimu aliyesomea elimu ya viungo anaweza kuungana na mwalimu wa ngumi wa mtaa wake, akafungua daftari la kila kijana, akaandika uzito wake, mapigo ya moyo wake aamkapo, na siku zake za mapumziko. Afisa anaweza kuhakikisha kwamba bajeti ya glavu inakwenda pamoja na fungu la mafunzo ya mwalimu huyo. Kijana anayepanda ulingoni kwa jina la shule, mkoa au taifa ametoa mwili wake. Waliomtuma wanawajibika kuuandaa mwili huo kabla ya kengele kulia.