Mkutano wa Kijiji Hauulizi Kadi

Ndugu viongozi wa walei na waamini wenzetu wa Kinampanda,

Sisi tuliokwisha kuvuka umri wa miaka hamsini tunaukumbuka utaratibu wa zamani. Mwenyekiti wa tawi la CCM ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Balozi wa nyumba kumi aliamua ugomvi wa mipaka ya mashamba, akapokea wageni, akatangaza mikutano. Hatukuona ajabu, kwa maana chama kilikuwa kimoja.

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikusanya maoni ya wananchi. Watu wapatao 80 katika kila 100 walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, ikataja na sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Tarehe 1 Julai 1992 mfumo mpya ukaanza. Matawi ya chama yakaondolewa jeshini na makazini. Huku vijijini vikaundwa vitongoji, na mwenyekiti wa kitongoji akawa kiongozi wa serikali. Balozi akabaki kiongozi wa chama chake tu.

Sheria ilibadilika kwa siku moja, mazoea hayakuifuata. Hata leo mjane mwenye shauri la shamba huanzia kwa balozi, na mara nyingi balozi huyo ni mtu mwema amsaidiaye bila malipo. Hatumlaumu. Lakini jirani aliye wa chama kingine, au asiye na chama chochote, atabisha hodi katika mlango huo bila kusitasita?

Katika uchaguzi wa mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Hali ikiwa hivyo, ni rahisi mkutano wa kijiji kugeuka mkutano wa chama, hata pasipo mtu kukusudia.

Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 yasema Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji, na waweza kuwaondoa wajumbe wake. Tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wahudhurie mkutano ujao wakiwa na daftari, waulize hesabu za mapato na matumizi, wala wasiondoke kabla muhtasari haujaandikwa.