Mzinga wa Mkono Wako

(Mazungumzo na vijana wa Boito baada ya Swala ya Alasiri)



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena Ramadhan, ndugu yangu msomaji, naomba nikae nawe dakika chache kabla ya adhana ya Magharibi. Sikuja kukufundisha hukumu za saumu. Masheikh wetu wapo na kazi hiyo wanaijua. Mimi ni fundi wa mbao, nimekuja na nyundo na futi. Nataka tuzungumze juu ya mdudu ambaye sura nzima ya Qur'ani, ile ya 16, imeitwa kwa jina lake: An-Nahl, yaani nyuki.

Hapa kwetu Boito kila mtu ni majani chai tu. Kijana akimaliza shule ni kuchuma, akichoka kuchuma ni kukaa senta akingojea bonasi ya mzazi wake. Na shamba lenyewe limegawanywa mara nyingi mpaka limebaki kama leso. Lakini hebu inua macho. Kuna mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya kuni, migrevilea kandokando ya chai, miparachichi nyuma ya jikoni, na kule juu msitu wa Mau. Chai yenyewe haimpi nyuki kitu cha maana, manake inachumwa kila mara, haipati nafasi ya kutoa maua. Lakini miti hii mingine inachanua na chakula kinapotea bure. Nyuki hakuombi ekari. Anakuomba nyumba, na nyumba hiyo unaweza kuijenga wewe mwenyewe.

NILIVYOANZA VIBAYA

Wacha nikueleze ukweli wangu ili usirudie kosa langu. Mzinga wa kwanza niliutengeneza kwa mbao za masalio, siku moja, bila kuuliza mtu. Viunzi, yaani zile fito zinazolala juu ambazo nyuki huning'iniza masega yao, nilivipasua inchi moja na nusu kwa sababu ndiyo mbao niliyokuwa nayo. Paa nikaweka karatasi ya nailoni. Nyuki wakaingia, nami nikajiona fundi kweli kweli.

Miezi ikapita. Siku moja, saa sita mchana, jua kali, nikaenda kuvuna nikiwa na mwenge wa matambara. Nikavuta kiunzi kimoja, vikaja vitatu. Masega yalikuwa yamejengwa mshazari na kushikana yote. Asali ikamwagika, majana yakakatika, na nyuki wakatoka kwa ghadhabu. Mimi nikakimbia. Mbuzi wawili wa jirani walikuwa wamefungwa mita chache tu kutoka pale. Kufikia jioni wote wawili walikuwa wamekufa.

Yule mzee hakunipigia kelele. Alisema tu: "Kijana, wewe ulikimbia. Mbuzi wangu walikuwa na kamba." Mama yangu aliwalipa mbuzi kwa bonasi ya chai, pesa ambazo zilikuwa karo ya mdogo wangu. Nyuki nao wakahama. Nikaapa sitagusa mzinga tena.

Aliyenirudisha ni mzee huyo huyo. Alikuwa ametundika mizinga ya magogo tangu ujana wake. Akaniambia: "Nyuki hawakukosea. Uliwajengea nyumba isiyo yao." Maneno hayo yalinikaa. Nikaanza kuuliza, kusoma na kupima.

MZINGA HUU UMETOKA WAPI

Usidharau mzinga wa gogo. Waokiek wa msitu wa Mau wameishi na asali kwa vizazi vingi kwa magogo yaliyochongwa, hasa ya mtarakwa ambao hauozi upesi. Kule Oman nao, ndugu zetu wamefuga nyuki ndani ya magogo ya mtende. Shida ya gogo ni moja: ukitaka asali ni lazima ukate masega, na ni rahisi kuharibu majana pamoja nayo.

Wagiriki walikuwa na vikapu vilivyofunikwa kwa fito juu, ili sega moja moja liweze kuinuliwa. Msafiri Mwingereza, George Wheler, alivieleza katika kitabu chake cha mwaka 1682. Wazo hilo la fito ndilo lililotumiwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wakisaidiwa na Canada, kutengeneza mzinga ambao leo dunia nzima inaujua kwa jina la nchi yetu: mzinga wa Kenya wa viunzi vya juu. Watu wa Ulaya na Marekani wanaujenga nyuma ya nyumba zao, na sisi wenyewe tunapita mbele ya mbao tukisema hakuna kazi!

Kuna pia mzinga wa masanduku wa Mmarekani Langstroth, ambaye mwaka 1851 aligundua kwamba nyuki huacha njia ya kiasi cha milimita 6 hadi 9 bila kuijaza nta. Ni mzinga mzuri, lakini unataka fremu zilizopimwa sawasawa na mashine ya kukamulia. Anza na ule unaouweza.

VIPIMO, NDUGU YANGU, VIPIMO

Ukisahau yote niliyosema, shika namba hii: milimita 32. Huo ndio upana wa kiunzi kwa nyuki wetu wa Afrika, manake hivyo ndivyo wanavyopanga masega yao. Nyuki wa Ulaya wanataka kama 35, kwa hiyo usinakili tu picha ya Mzungu. Mimi niliweka 38. Kila kiunzi nilikosea milimita 6. Kufikia kiunzi cha tano nimekosea milimita 30, karibu nafasi ya sega zima! Nyuki wangefanya nini ila kujenga mshazari?

Kata viunzi 28, kila kimoja urefu wa sentimita 48. Ukivipanga vikigusana bila mwanya, vinachukua karibu sentimita 90. Huo ndio urefu wa mzinga kwa ndani. Kina kiwe kama sentimita 30. Kuta za pembeni zilale, mzinga uwe mpana juu na mwembamba chini, kiasi cha sentimita 20 kwenye sakafu. Ukuta ukilala, mara nyingi nyuki hawagandishi sega juu yake. Katikati ya kila kiunzi, upande wa chini, paka mstari mwembamba wa nta. Huo ni kama mstari wa saff msikitini: wa kwanza akisimama sawa, wengine watafuata.

Matundu ya kuingilia yawe madogo, kipenyo cha kama sentimita moja, na yawe upande mmoja wa mzinga. Majana mara nyingi yatakaa karibu na mlango na asali itakaa nyuma, kwa hiyo utavuna bila kuwasumbua watoto. Mbao ya sipresi inatosha, lakini iwe imekauka. Ndani usipake rangi wala oili chafu. Paa liwe la mabati yaliyozidi kuta pande zote, na chini yake weka gunia kuukuu. Mvua na mawe ya huku kwetu unayajua.

Tundika mzinga kwa waya kati ya nguzo mbili, urefu wa kiunoni, na upake grisi kwenye waya ili siafu wasipande. Nyegere naye hapati pa kusimama kwa urahisi.

MOSHI NA NGUO

Bomba la moshi si lazima ununue. Chukua kopo la bati lenye kifuniko, toboa matundu chini, na juu ufunge mdomo wa bati uliokunjwa. Mfuko wa kupulizia utengeneze kwa vibao viwili, springi, na kipande cha tyubu ya gari. Mmarekani Moses Quinby alitengeneza bomba la namna hii katika miaka ya 1870, na jua kali wetu anaweza kulitengeneza leo. Choma kinyesi kikavu cha ng'ombe au maranda ya mbao safi. Usichome nailoni wala tambara lenye mafuta, asali itanuka.

Moshi si wa kuwaadhibu nyuki. Nyuki akichoma huacha harufu inayowaita wenzake, na moshi huifunika harufu hiyo. Harufu yenyewe inafanana na ya ndizi mbivu, kwa hiyo usile ndizi kabla ya kwenda mzingani. Kwa mwezi huu angalau hilo halikuhusu!

Nguo nayo, shona ovaroli nyeupe ya magunia ya unga, mikunjo miwili, maana nyuki hukasirikia zaidi rangi nyeusi. Kofia ya ukindu, chandarua kuzunguka ukingo wake, gambuti, glavu, na suruali uifunge miguuni. Hapo hata mkono hautatetemeka.

HAKI YA JIRANI

Sasa nakuja kwenye lililonileta hasa. Vuna jioni, jua likishuka. Kabla ya kufungua mzinga, piga hodi kwa majirani, waambie waondoe watoto na wafungue mifugo yao. Weka mizinga mbali na njia, nyuma ya ua mrefu. Kata sega lililofunikwa nta tu. Lililo wazi bado lina maji mengi, na asali ikizidi asilimia 20 ya maji huchacha. Nyuki pia waachie akiba yao, baridi ya Julai si mchezo.

Na ukiuza, uza asali. Ramadhan wanunuzi ni wengi, na kishawishi cha kuongeza sukari kipo. Mtu anainunua kwa ajili ya futari ya watoto wake au dawa ya mgonjwa wake. Utasimama vipi kwenye tarawehe ukijua ulichomuuzia?

Leo nina mizinga sita. Kila msimu chupa ya kwanza siiuzi. Naipeleka kwa yule mzee. Haulizi kitu, huonja kwa kidole, kisha husema: "Hii haina moshi." Kwangu mimi hiyo ni zaidi ya bei.

Basi tafuteni wenzenu wawili, muwe watatu. Kabla ya Idd jengeni mzinga mmoja, mmoja tu, na kabla ya kupiga msumari wa kwanza pimeni kiunzi mara mbili. Ukikwama njoo karakana, futi ninayo.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.