Herufi za Diski Zinapobadilika Baada ya Kupiga Windows Upya: Chanzo, Hatari na Utaratibu wa Kazi



1. Utangulizi

Mteja analeta kompyuta ambayo mfumo wake uko C na kazi zake zote ziko D. Fundi anapiga Windows upya, kompyuta inawaka vizuri, na mteja anaondoka nayo. Akifika ofisini na kufungua programu yake ya mahesabu, anaambiwa faili halipo. Akichungulia anakuta D sasa ni draivu ya DVD, na kazi zake ziko E. Huyu ana nafuu, kwa sababu hakuna kilichopotea. Msiba hutokea pale herufi zinapobadilika kabla ya kufomati: fundi anafuta kile anachokiona kuwa C, akiamini ni Windows ya zamani, kumbe amefuta miaka mitano ya kazi za mwenzake.

Hoja yangu leo ni moja. Herufi si mali ya diski. Ni uamuzi wa mfumo endeshi uliowashwa wakati huo, na mifumo miwili inaweza kuipa diski ileile herufi mbili tofauti bila mfumo wowote kukosea. Herufi inafanana na namba ya kitanda wodini: mgonjwa akihamishwa wodi hupewa namba nyingine, naye ni yuleyule, na hakuna daktari anayempasua mtu kwa kusoma namba ya kitanda tu. Nasi tusifute diski kwa kusoma herufi tu.

2. Herufi zilikotoka

Katika miaka ya 1970, mfumo wa CP/M ulioandikwa na Gary Kildall ulizitambua draivu za disketi kwa herufi. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilirithi utaratibu huo kupitia DOS, ikatenga A na B kwa ajili ya disketi. Mwaka 1983 IBM ilipotoa PC XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10, herufi iliyofuata ilikuwa C. Ndiyo maana hadi leo kompyuta ambayo haijawahi kuona disketi bado inaanzia C.

DOS haikuhifadhi herufi popote. Ilizigawa upya kila ilipowaka: kwanza patisheni kuu ya diski ya kwanza, kisha patisheni kuu ya diski ya pili, ndipo zikafuata patisheni nyingine zilizobaki. Matokeo yake, aliyekuwa na diski moja iliyogawanywa C na D, akiongeza diski ya pili yenye patisheni kuu, D yake ya zamani ilisukumwa ikawa E. Watumiaji wa Windows 95 na 98 walikumbana na jambo hilohilo.

Kuanzia Windows 2000, herufi zinahifadhiwa kwenye rejistri, katika tawi linaloitwa MountedDevices. Kwa diski za mtindo wa MBR, Windows hukumbuka saini ya diski yenye baiti 4 pamoja na mahali patisheni inapoanzia. Kwa diski za GPT, hukumbuka namba ya kipekee ya patisheni. Kwa hiyo ukihamisha waya kutoka tundu moja hadi jingine, herufi haibadiliki. Lakini kumbukumbu hiyo inakaa ndani ya Windows yenyewe. Ukiifuta Windows, umeifuta nayo, na Windows mpya itaanza kugawa herufi kwa namna inavyovikuta vifaa siku hiyo.

3. Njia nne ambazo herufi hubadilika

Ya kwanza ndiyo hiyo ya Windows mpya kuanza na kumbukumbu mpya. Draivu ya DVD au flashi iliyosahauliwa kwenye tundu inaweza kuchukua D, na patisheni ya kazi ikapewa herufi inayofuata.

Ya pili ilisumbua sana enzi za Windows XP. Kama diski ngumu ilikuwa tupu, haijagawanywa, na kompyuta ina kisomaji cha kadi chenye matundu manne, matundu yale yaliweza kuchukua C, D, E na F. Mfumo ukaishia kusakinishwa kwenye G. Disk Management haikuruhusu kubadili herufi ya patisheni yenye mfumo, hivyo njia salama ilikuwa kuchomoa kisomaji na kurudia kazi yote.

Ya tatu ndiyo inayoua data, na ndiyo ninayowaomba tuitazame kwa makini. Tangu Windows Vista, ukiwasha kompyuta kwa DVD au flashi ya usakinishaji, unaingia kwanza katika Windows ndogo ya muda ambayo yenyewe hujiita X. Herufi nyingine zote utakazoziona humo ni za muda. Chukua Windows 7: huwa na patisheni ndogo ya megabaiti 100 ambayo katika matumizi ya kawaida haina herufi. Ndani ya mazingira ya urekebishaji, patisheni hiyo inaweza kuonekana kuwa C, mfumo wenyewe ukawa D, na kazi za mteja zikawa E. Fundi aliyezoea kwamba D ni ya kazi atanakili mafaili kutoka mahali pasipo sahihi. Akiandika amri ya kufomati kwa mazoea, anaweza kufuta patisheni isiyo sahihi.

Ya nne inahusu kukloni diski. Kloni huweza kubeba saini ileile ya diski mama. Ukiwasha kompyuta kwa mara ya kwanza diski zote mbili zikiwa ndani, Windows inaweza kuendelea kuiita ya zamani C. Katika XP dalili yake ilijulikana: mtumiaji anaingia, na papo hapo anatolewa, kwa sababu programu ya kumwingiza inatafutwa kwenye herufi isiyo yake. Windows za sasa zikikuta saini mbili zinazogongana, huiacha diski mojawapo bila kuitumia. Dawa ni kutoa diski ya zamani kabla ya kuiwasha kloni.

4. Madhara ofisini

Njia za mkato kufa na programu kukataa kufunguka ni madhara yanayoonekana, na mteja atarudi siku hiyohiyo. La kuogopwa zaidi ni bakapu. Ratiba iliyopangwa kuandika nakala kwenye E itashindwa kimyakimya E ikiwa kitu kingine, au itaandika mahali pasipokusudiwa. Ofisi inaendelea kuamini kwamba ina nakala rudufu, na ukweli unajulikana siku diski inapokufa.

5. Utaratibu wa kazi ninaoupendekeza

Kabla ya kuanza, fungua Disk Management kompyuta ikiwa bado inawaka na upige picha ya dirisha lote. Ipe kila patisheni lebo yenye maana, kama MAHESABU au PICHA, kwa sababu lebo huandikwa ndani ya patisheni yenyewe na huenda nayo popote. Andika ukubwa wake. Nakili kazi za mteja kwenye diski ya nje. Kama patisheni imefungwa kwa BitLocker, hakikisha ufunguo wa urejeshaji uko mkononi, maana Windows mpya itaudai.

Wakati wa kusakinisha, chomoa kila kisichohusika: diski ya nje, kisomaji cha kadi, na ikiwezekana waya wa diski ya pili yenye kazi. Diski ambayo haikuchomekwa haifutiki. Kwenye orodha ya patisheni, soma namba ya diski, ukubwa na lebo, ulinganishe na picha uliyopiga. Ukitumia dirisha la amri, usiandike format wala clean kabla ya kufungua diskpart na kusoma majibu ya list disk na list volume.

Kidokezo kwa wanaopiga Windows ya pili kwenye patisheni nyingine: ukiwasha kwa flashi, Windows mpya itajiita C. Ukiianzisha kutoka ndani ya Windows ya zamani, inaweza kubaki na herufi ambayo Windows ya zamani iliipa patisheni hiyo, kwa mfano D.

Baada ya kusakinisha, kabla mteja hajafungua chochote, rudi Disk Management. Hamishia draivu ya DVD kwenye herufi ya mbali, tuseme R, ili D iwe huru, kisha ipe patisheni ya kazi herufi yake ya zamani. Herufi ya mfumo usiiguse. Diski za mtandao zipewe herufi za mwisho, kuanzia Z kurudi nyuma, zisigombane na flashi. Mwisho kabisa, endesha bakapu mbele ya mteja na mfungue nakala pamoja.

Wenzetu wanaotumia Linux hawajasalimika. Majina kama sda na sdb nayo yanaweza kubadilishana, na ndiyo sababu faili la fstab huandikwa kwa UUID, yaani namba ya mfumo wa faili wenyewe. Kanuni ni ileile.

6. Mapendekezo

Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zinapigwa upya au zinapandishwa toleo. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila karakana iwe na fomu ya mapokezi yenye sehemu ya kuandika diski, ukubwa, lebo na herufi, isainiwe na fundi na mteja kabla ya kazi. Pili, kila ofisi iweke lebo kwenye diski zake, na ratiba za bakapu zihakiki kuwapo kwa faili fulani la utambulisho kabla ya kuandika. Tatu, wanaofundisha mafundi chipukizi wawafundishe kusoma list volume mapema kuliko kufomati.

Mteja anapotuachia kompyuta hajui lolote kuhusu saini za diski wala rejistri. Anatuamini sisi. Naomba kikao kianze mjadala na fomu ya mapokezi, ili tutoke hapa tukiwa tumekubaliana vipengele vyake na tuanze kuitumia kwa kompyuta ya kwanza itakayoingia karakana.