Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Leo nawachukua hadi Hyderabad, kusini mwa India. Huko kulikuwa na kampuni kubwa ya kompyuta iliyoitwa Satyam, neno la Kisanskriti lenye maana ya ukweli. Iliajiri watu wapatao 53,000, na mwaka 2008 ilitunukiwa tuzo ya utawala bora wa makampuni.

Miezi michache baadaye, tarehe 7 Januari 2009, mwenyekiti wake, Ramalinga Raju, aliiandikia bodi barua ya kukiri kwamba amekuwa akipika hesabu kwa miaka kadhaa. Rupia bilioni 50, karibu dola bilioni moja za Kimarekani, ambazo vitabu vilionyesha kuwa zimo benki, hazikuwapo. Alisema kuficha pengo hilo kulikuwa kama kumpanda chui-milia: hujui utashukaje bila kuliwa. Siku hiyo hiyo hisa zikapoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake. Chui akawala wanahisa kwanza.

Mimi najiuliza: walinzi walikuwa wapi? Maana sheria zilikuwapo. Bodi ilikuwa na wakurugenzi wa kujitegemea, wakiwamo maprofesa wenye sifa. Lakini Desemba 2008 bodi hiyo iliridhia Satyam inunue kampuni mbili za jamaa wa mwenyekiti kwa dola bilioni 1.6. Wanahisa ndio waliopiga kelele, na mpango ukafutwa saa chache baadaye.

Na wakaguzi wa hesabu je? Tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilibaini kwamba barua za kuyauliza mabenki kama fedha zimo kweli, wakaguzi waliwaachia wakubwa wa Satyam wazipeleke wenyewe. Hebu fikirini, ndugu zangu! Huko ni kumpa fisi kazi ya kulinda bucha.

Haki itendeke: Serikali ya India haikulala. Iliivunja bodi, ikateua watu wapya katika siku chache, na kampuni ikauzwa badala ya kufa. Sheria ya makampuni ya mwaka 2013 iliweka kikomo cha miaka ambayo kampuni moja ya ukaguzi inaweza kukaa na mteja yule yule. Aprili 2015, Raju na wenzake 9, wakiwamo wakaguzi wawili, walihukumiwa kifungo. Lakini hukumu ilichukua miaka 6, na mwezi mmoja tu baadaye adhabu ilisimamishwa, wakatoka kwa dhamana kusubiri rufani.

Korea Kusini nako wakubwa wana bahati yao. Lee Kun-hee wa Samsung alitiwa hatiani kwa kukwepa kodi. Desemba 2009 rais akamsamehe, eti asaidie kuomba michezo ya Olimpiki. Mwanawe, Lee Jae-yong, alifungwa kwa hongo. Agosti 2022 naye akapata msamaha wa rais, safari hii kwa jina la uchumi. Mwizi wa kuku hana uchumi wa kuombewa, hivyo humaliza kifungo chake.

Wapo wanaosema dawa ni kuandika kanuni zaidi. Mimi sikubaliani nao. Satyam ilikuwa na kanuni, ikawa na tuzo pia. Kilichokosekana ni mlinzi asiyemtegemea anayelindwa. Mkurugenzi aliyechaguliwa na mwenyekiti atamkatalia vipi? Basi wanahisa wadogo wapewe sauti ya kuchagua mkurugenzi wao. Biashara na jamaa za mwenyekiti ipigiwe kura na wasio na maslahi nayo. Jibu la benki limfikie mkaguzi moja kwa moja. Na kifungo kikishatolewa, kitumikiwe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Fedha za Satyam hazikuhitaji jambazi wa kuvunja mlango. Wenye funguo walikuwa ndani, na waliowekwa kuwatazama walitazama pembeni.